Tawi la wasioona, chama cha watumiaji wa mbwa, au kikundi chenu: ujiunge wapi ukiwa Tabora?

Asiyeona wa Isevya au Ng'ambo, hapo Tabora mjini, akisikia redioni habari za mbwa anayemwongoza mtu barabarani, swali lake la kwanza huwa moja: nijiunge na chama gani ili nimpate? Swali hilo limewachelewesha wengi, maana limefunga pamoja vitu viwili ambavyo kila kimoja kina njia yake. Kadi ya chama haileti mbwa. Mbwa mwongozaji hutolewa na shule inayowafundisha, na shule haiulizi una kadi ya nani. Inauliza unatembeaje ukiwa peke yako, unaishi na nani, na mnyama atakula nini. Chama kina kazi nyingine: kukusemea unapozuiwa mlangoni, kukukutanisha na waliokutangulia, na kukufikishia mafunzo ambayo peke yako usingeyapata.

Kwa hiyo tunashauri uchague chama kwa kuangalia shida uliyo nayo mwaka huu. Ya miaka mitano ijayo yana wakati wake.

Mtu wa Tabora au Kigoma ana milango mitatu. Wa kwanza ni tawi la Chama cha Wasioona Tanzania, kinachojulikana kwa kifupi cha Kiingereza kama TLB. Wa pili ni vyama vya ng'ambo, yaani vya nje ya nchi, vya watumiaji wa mbwa waongozaji, ambavyo unaweza kujiunga navyo kwa mbali. Wa tatu ni kuunda kikundi chenu wenyewe na kukisajili halmashauri. Tumeviweka ubavu kwa ubavu kwa maneno na si kwa jedwali, kwa sababu kisoma-skrini, yaani programu inayomsomea asiyeona kwa sauti, husoma jedwali kisanduku kimoja kimoja, na msikilizaji akifika kisanduku cha nane ameshasahau safu aliyokuwa.

Nani ni nani

TLB ilianzishwa mwaka 1964 na ina matawi mikoani. Ni mwanachama wa SHIVYAWATA, shirikisho la vyama vya watu wenye ulemavu nchini. Hapa pana kosa la kawaida: mtu hupanda basi hadi mjini kutafuta ofisi ya SHIVYAWATA ajiandikishe. Shirikisho ni la vyama, halisajili mtu mmoja mmoja. Unaingia kupitia chama chako, nacho kinakuwakilisha huko juu. Hali ni hiyo hiyo kwa Umoja wa Wasioona Afrika wenye makao Nairobi na kwa Umoja wa Wasioona Duniani ulioundwa mwaka 1984.

Nje ya nchi, vyama viwili vya Marekani ndivyo utakavyovisikia zaidi. Guide Dog Users, Inc., yaani GDUI, iko chini ya mwavuli wa American Council of the Blind. National Association of Guide Dog Users, yaani NAGDU, ni kitengo cha National Federation of the Blind. Miavuli hiyo miwili ina historia moja iliyokatika: National Federation of the Blind iliundwa mwaka 1940, na American Council of the Blind ikatoka ndani yake mwaka 1961 baada ya mgawanyiko. Mgawanyiko huo haukuhusu mimi na wewe wa Kitete, lakini ni vizuri kuujua, ili usishangae ukiona vyama viwili vya kazi ileile visivyotajana sana.

Kuna jina la tatu linalochanganya watu: International Guide Dog Federation, iliyoundwa mwaka 1989. Hiyo ni jumuiya ya shule. Inakagua shule za mbwa waongozaji na kuzipa ithibati, na wanachama wake ni mashirika. Faida yake kwako ni moja lakini kubwa. Mtu akikuambia ana shule ya mbwa waongozaji, tafuta jina la shule hiyo katika orodha ya wanachama wa jumuiya hii. Tanzania haina shule kwenye orodha hiyo. Afrika Kusini inayo, South African Guide-Dogs Association for the Blind, iliyoanzishwa mwaka 1953. Ukikumbuka kwamba pale SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, panya buku wamefundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu, utaona kwamba ufundi wa kufundisha wanyama nchini hatukuukosa. Wa mbwa waongozaji ndio haujaanza.

Unachopata miezi 12 ya kwanza

Hapa tawi la nyumbani linaacha vyama vya mbali nyuma kabisa, isipokuwa kwa mtu ambaye tayari ana mbwa au ana ombi lililopokelewa na shule.

Kupitia tawi unaanza na fimbo nyeupe, na fimbo ndiyo mlango wa mbwa. Shule zote za kuaminika humtaka mwombaji awe tayari anatembea peke yake kwa fimbo kwenye njia anazozijua, avuke barabara, na ajue yuko wapi. Sababu ni kwamba mbwa hajui njia ya kwenda sokoni. Anajua kukwepa nguzo, kusimama kwenye ukingo wa barabara, kupita uwazi unaowatosha ninyi wawili, na kukataa amri ya kwenda mbele pikipiki inapokuja. Ramani iko kichwani mwako. Mtu aliyezoea kushikwa mkono na mjukuu kila anapotoka hana ramani hiyo bado, na akipewa mbwa leo watapotea wawili.

Fimbo yenyewe ina vipimo. Simama wima, isimamishe mbele yako: ncha ya juu ifike kwenye mfupa wa katikati ya kifua. Ikiishia kiunoni, inakupa habari za shimo ukiwa umeshakanyaga ukingo wake. Unapotembea, mguu wa kulia ukienda mbele ncha iguse kushoto, na mguu wa kushoto ukienda mbele iguse kulia, upana ukizidi mabega kidogo tu. Ncha ya plastiki huliwa na changarawe, na ikishachongoka hunasa kwenye nyufa za lami na kukuchoma tumboni, kwa hiyo omba ncha ya akiba pamoja na fimbo. Mambo haya hujifunzi kwa kusoma. Mtu anayeyajua anasimama nyuma yako na kukushika kifundo cha mkono mpaka kizoee kuzunguka chenyewe, na mtu huyo unampata tawini, au kwa walimu wenye ujuzi huo, kama wa Shule ya Furaha ya wasioona hapo Tabora.

Chama cha ng'ambo hakiwezi kukushika kifundo cha mkono. Kinachokupa mwaka wa kwanza ni masikio: mikutano ya simu na ya Zoom, majarida ya sauti na ya maandishi, na wanachama wanaokujibu maswali ambayo hapa hakuna wa kumuuliza. Mbwa akianza kuvutwa na harufu ya nyama choma katikati ya kazi unafanyaje? Nisubiri mbwa wangu astaafu ndiyo niombe mwingine, au niombe mapema? Shule mbili zimenijibu, nichague ipi? Kwa maswali ya aina hii GDUI na NAGDU ni hazina, kwa sababu wamo watu waliotumia mbwa wanne au watano maishani. Hesabu yake ni nyepesi: mbwa huanza kazi akiwa na mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na hufanya kazi miaka 8 mpaka 10 hivi.

Kikundi chenu wenyewe mwaka wa kwanza kinakupa kazi zaidi ya msaada. Tuseme hivyo waziwazi. Katiba, vikao, akaunti, muhtasari: faida yake huanza kuonekana mwaka wa pili.

Mlangoni

Eneo hili ndilo lenye uzito kuliko yote, nasi tutakaa hapo.

Sehemu kubwa ya mafundisho ya vyama vya Marekani ni haki ya kuingia na mbwa: hotelini, mgahawani, kwenye teksi. Msingi wake ni sheria yao ya mwaka 1990 ya watu wenye ulemavu, ambayo inamlazimisha mwenye duka kumpokea mbwa wa huduma. Mwanachama mpya husoma makala hizo akasisimka, kisha anakwenda gesti karibu na stesheni ya Tabora na kumwambia mhudumu kwamba sheria inamlazimisha. Sheria hiyo ya Marekani haina nguvu hapo mapokezi.

Nguvu uliyo nayo hapa ni nyingine. Kuna Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010, na kuna Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2009. Ibara ya 20 ya mkataba huo inazungumzia uhuru wa mtu kwenda atakako, na inataja vifaa pamoja na msaada ulio hai. Sheria ya 2010 nayo iliweka kamati za watu wenye ulemavu kuanzia kijiji na mtaa hadi mkoa. Kamati hizo husikiliza barua iliyoandikwa na chama kuliko mtu mmoja aliyesimama mlangoni na hasira. Barua ya tawi yenye mhuri, iliyoelekezwa kwa mmiliki wa mabasi kabla ya safari, hufungua mlango ambao mabishano ya saa 11 alfajiri stendi hayafungui. Hii ni kazi ambayo chama cha ng'ambo hakiwezi kukufanyia hata wakikupenda vipi.

Kisha kuna jambo la dini, ambalo Tabora na Ujiji mtu hawezi kuliruka. Majirani wengi ni Waislamu wanaofuata madhehebu ya Shafi, ambamo mate na unyevu wa mbwa ni najisi nzito: kinachoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Mwenye mbwa mwongozaji anayewaheshimu jirani zake, au ambaye yeye mwenyewe ni Mwislamu, hupanga mapema: kanzu au nguo ya sala inatunzwa kando, mbwa ana sehemu yake ya kulala nje ya chumba cha sala, na mazungumzo na imamu hufanyika kabla mbwa hajafika. Katika hili milango miwili inasaidiana. Vyama vya ng'ambo vina kumbukumbu za yaliyotokea kwingine. Mwaka 2008, kwa mfano, msikiti mmoja wa Leicester, Uingereza, ulikubali mbwa mwongozaji aingie na kubaki sehemu ya mlangoni wakati mwenyewe anasali. Lakini anayekwenda kwa sheikh na habari hiyo, akavua viatu, akaanza na salamu, ni mwenyekiti wa tawi anayejulikana mtaani. Habari ileile ikitoka kwa mgeni asiyejulikana huwa ugomvi.

Mbwa mwenyewe katika nchi ya ndorobo

Hapa vyama vya mbali vinajua nusu, na nusu nyingine iko kwa daktari wa mifugo wa hapa.

Labrado wa kilo 30 anakula chakula kikavu cha gramu 400 hivi kwa siku, kilo 12 kwa mwezi, na maji lita moja na nusu au zaidi wakati wa joto. Huku kwetu wengi watamlisha ugali na dagaa. Dagaa wa Kigoma wana protini nzuri, lakini ugali ukizidi mbwa hunenepa na kuvuta pumzi kwa shida, na dagaa wa kukaangwa kwa kitunguu ni hatari, kwa kuwa kitunguu huharibu damu ya mbwa. Mifupa iliyopikwa nayo hupasuka vipande vikali tumboni. Mengi ya haya utayapata ukiuliza kwenye chama cha ng'ambo.

Wasichokujibu vizuri ni ndorobo. Misitu ya miombo inayozunguka Tabora, Urambo, Kaliua mpaka Kibondo ina ndorobo, au mbung'o, wanaobeba vimelea vya nagana, ugonjwa wa malale wa wanyama, na mbwa wa kigeni hana kinga ya kuzaliwa nayo. Dalili moja inaumiza hasa katika kazi hii: jicho la mbwa aliyeambukizwa huweza kufanya ukungu mweupe kwenye kioo chake, na mbwa anayekuongoza anaanza kupoteza uoni. Ukiambiwa na mtu anayeona kwamba macho ya mbwa yamekuwa na maziwa, na mbwa ana homa au amekonda, nenda siku hiyohiyo. Maabara ya TVLA, wakala wa serikali wa maabara za mifugo, ya Kanda ya Magharibi iko Tabora, na kipimo cha damu ndicho kinachotofautisha nagana na magonjwa ya kupe yanayofanana nayo. Kwa hiyo namba mbili ziwe kwenye simu yako kabla mbwa hajaingia nyumbani: ya afisa mifugo wa kata na ya daktari wa mifugo wa manispaa. Katibu wa tawi mwenye mbuzi wake anazo. Mtu wa Ohio, Marekani, hana.

Joto nalo lina kanuni yake. Septemba na Oktoba lami ya Tabora huchoma nyayo za mbwa. Weka mgongo wa kiganja chako kwenye lami kwa sekunde saba. Ukishindwa kuvumilia, mbwa naye hatavumilia. Safari za kazi ziwe kabla ya saa 3 asubuhi na baada ya saa 11 jioni. Kigoma mjini ongeza mlima: barabara ya Lumumba kutoka stesheni kupanda Mwanga ni mwinuko unaomchosha mbwa aliyefundishwa kwenye mji tambarare.

Mbwa wanaozurura ni tatizo la miji yote miwili. Mbwa mwongozaji akishambuliwa mara moja vibaya, huweza kuacha kazi kabisa, kwa kuwa kila akisikia mbweko anasimama au anavuta kurudi. Hapa ndipo kikundi chenu wenyewe kinaposhinda milango mingine: watu kumi wa kata moja wakiongea na mwenyekiti wa mtaa kuhusu mbwa wasiofungwa na chanjo ya kichaa cha mbwa, jambo linakwenda. Halmashauri nyingi hufanya chanjo karibu na 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mbwa wako achanjwe kila mwaka na cheti chake kitembee nawe.

Gharama, saa na lugha

Ada ya tawi hulipwa kwa shilingi, na risiti unashika mkononi. Ada ya chama cha ng'ambo ni ya dola, mara moja kwa mwaka, kwa kadi ya benki au kadi ya mtandaoni inayotolewa na huduma za pesa kwa simu. Kinachokwama mara nyingi ni jina: kadi ina jina la mwanao aliyekusaidia, fomu ina jina lako, malipo yanarudishwa. Andika jina lilelile kila mahali, kama lilivyo kwenye kitambulisho cha NIDA.

Saa ndiyo gharama ambayo watu hawaihesabu. Mkutano unaotangazwa saa 2 usiku kwa saa za mashariki ya Marekani hukufikia Tabora saa 9 usiku wa kuamkia kesho yake, na wakibadilisha saa zao mwezi Novemba inakuwa saa 10 alfajiri. Wengi hujiunga kwa moyo, wakahudhuria mara mbili, wakaacha. Tafuta chama kinachoweka rekodi za mikutano, kisha sikiliza ukiwa umeamka vizuri. Ukizima video, saa nzima ya Zoom kwa sauti peke yake hula bando dogo, chini ya megabaiti 100.

Lugha ni Kiingereza, hakuna njia ya kuzunguka hilo. Anayesoma kwa kisoma-skrini, kama NVDA kwenye kompyuta au TalkBack kwenye simu, anapaswa kubadilisha sauti kuwa ya Kiingereza kabla ya kufungua barua zao, la sivyo sauti ya Kiswahili itayasoma maneno yao mpaka usielewe hata moja. Tawini mnazungumza Kiswahili, na Kinyamwezi pale kikao kinapokolea.

Jinsi ya kuingia kila mlango

Kwa tawi, anza kwa Afisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri yako, maana anawajua viongozi wa tawi walio madarakani sasa hivi, siyo wa miaka kumi iliyopita. Chukua barua ya mwenyekiti wa mtaa, namba ya NIDA, picha mbili za pasipoti, na barua ya kitengo cha macho: Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Kitete kwa Tabora, Maweni kwa Kigoma. Barua iseme kiwango cha uoni kwa tarakimu, maana "haoni vizuri" haimsaidii mtu yeyote, na barua hiyohiyo utaihitaji shule ya mbwa ikikuita. Mwenye uoni hafifu, wakiwemo ndugu zetu wenye ualbino, asidhani chama si chake. Aulize.

Ukimpigia katibu, usianze na mbwa. Maneno kama haya yanatosha: "Shikamoo mzee. Naitwa fulani, nipo Cheyo, nimepoteza uoni miaka mitatu sasa. Naomba kujua tawi linakutana lini, na kama kuna mwenye kunifundisha fimbo." Ukishazoeleka, ulizia katiba, tarehe ya uchaguzi wa mwisho, na akaunti ya ada. Tawi lisilo na uchaguzi kwa muda mrefu wala risiti bado unaweza kujiunga nalo, ila ujue unakwenda kulifufua.

Kwa chama cha ng'ambo, soma kwanza katiba yao kuhusu aina za uanachama. Vyama vya namna hii kwa kawaida hupokea mtumiaji wa mbwa, anayesubiri mbwa, na hata rafiki asiye na mbwa, lakini haki ya kupiga kura na kugombea uongozi huweza kutofautiana. Andika barua pepe fupi: uko wapi, una mbwa au huna, unataka nini. Taja mapema kwamba uko Tanzania, kwa sababu shule nyingi za Marekani na Uingereza hutoa mbwa kwa wakazi wa nchi zao na majirani tu, na mtu wa chama ataweza kukuambia mapema usipoteze mwaka kwa shule isiyokupokea.

Shule inayokubali ombi lako, huko baadaye, itataka video yako ukitembea kwa fimbo kwenye njia yako ya kila siku, na mahojiano. Huenda ukafanyishwa mwendo wa majaribio bila mbwa: mkufunzi anashika upande wa mbwa wa mkanda wa kazi, wewe unashika mpini, mnatembea. Mkono wako wa kushoto unahisi mvuto, bega lako linafuata, naye anapima kasi yako na mvuto unaokufaa ili akutafutie mbwa wa mwendo huo. Usijikaze kutembea haraka siku hiyo. Ukimdanganya kwa miguu, utapewa mbwa anayekuvuta kila siku ya Mungu.

Mbwa atakayetoka nje kuja Tanzania anahitaji kibali cha kuingiza mnyama kutoka wizara ya mifugo, cheti cha afya na chanjo ya kichaa cha mbwa. Anayefikiri kusafiri naye baadaye kwenda Ulaya afahamu kwamba mbwa anayetoka Tanzania hupimwa damu siku 30 au zaidi baada ya chanjo, kinga ifike angalau 0.5 IU kwa mililita, kisha husubiri miezi mitatu. Ukitegemea mwezi mmoja wa maandalizi, safari imeshavunjika.

Kikundi chenu kinapita kwa Afisa Maendeleo ya Jamii: katiba, muhtasari wa kikao cha kuanzisha, orodha ya wanachama na namba zao za NIDA, na akaunti ya benki. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, asilimia 2 ikiwa ya watu wenye ulemavu. Mkopo huo ni wa shughuli ya kuzalisha: nyuki, cherehani, duka. Mkiandika kwamba mnaombea chakula cha mbwa, ombi halitafika mbali, na mkiula mkopo kwa chakula cha mbwa mtashindwa kurejesha. Katika katiba wekeni kifungu ambacho wengi husahau: mwenye mbwa akilazwa, nani anamchukua mnyama, kwa siku ngapi, na nani analipia. Bila kifungu hicho, mbwa aliyegharimu miezi mingi ya mafunzo hufungwa kwenye mwembe wa jirani.

Ushauri wetu kwa hali tofauti

Huna mbwa na hutembei bado kwa fimbo: tawi, na tawi tu, kwa mwaka mzima. Usilipe dola popote.

Unatembea vizuri kwa fimbo na umeanza kuwaandikia shule: baki tawini, ongeza chama kimoja cha ng'ambo. Viwili ni kupoteza pesa. Chagua kile ambacho rekodi zake unazipata na mtu wake amejibu barua yako.

Una mbwa tayari, labda umerudi naye kutoka masomoni nje: jiunge na vyote viwili wiki uliyofika, na chama cha ng'ambo usikiache hata mbwa akistaafu. Huzuni ya kumpumzisha mbwa aliyekuongoza miaka tisa wachache mno Tabora wataielewa, na huko kuna watu waliopitia.

Uko Kasulu, Uvinza au Sikonge, mbali na kikao cha mkoa: hapo kikundi kidogo cha kijijini kinashinda, kikiwa na mjumbe mmoja anayehudhuria tawi la mkoa kwa niaba yenu.

Na akitokea mtu anayesema kwa ada ya uanachama utapewa mbwa ndani ya miezi miwili, anayetaka "pesa ya usafirishaji" kwa namba ya simu binafsi, asiyetaka video yako ukitembea wala barua ya daktari wa macho, kata simu. Shule halisi inakuuliza maswali mengi kabla haijakuahidi chochote.

Wakati mzuri wa kwenda tawini ni wiki za kuelekea 15 Oktoba, Siku ya Kimataifa ya Fimbo Nyeupe, viongozi wanapokusanya wanachama na wa wilayani wanaposafiri kuja mjini. Nenda na fimbo yako kama unayo, barua ya Kitete kwenye bahasha, na simu yenye chaji ya kutosha kurekodi namba za watu utakaokutana nao.